Moshi wa Viwanda, na Njia za Kuupunguza

Mtu akitoka Bagamoyo asubuhi kwenda Dar es Salaam kwa njia ya pwani, hupita Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju na Boko. Akikaribia Tegeta, huona upande wake wa kuume kilima kilichochimbwa, cheupe kama mfupa, na mbele yake majengo marefu na dohani. Kilima hicho ndicho Wazo. Mawe yake ni matumbawe ya kale, maana zamani sana mahali hapo palikuwa chini ya bahari. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kwanza cha saruji katika nchi ya Tanzania, nacho kilianza kazi mwaka 1966.

Tazameni mifuko ya saruji katika maduka yetu, mtaona picha ya twiga. Saruji hiyo imejenga shule, visima, madaraja na nyumba nyingi. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba kiwanda ni kitu kibaya. Lakini kila kiwanda kinachochoma moto au kusaga mawe hutoa kitu hewani, na kitu hicho hakipotei. Huenda mahali. Basi katika habari hizi twataka kujua kinakwenda wapi, na watu wamefanya nini ili kisitoke kingi.

Kabla ya kufika kiwandani, nitawaeleza kwanza habari za tanuu la chokaa, kwa sababu ni kiwanda kidogo, na katika kidogo mtu huona vizuri zaidi.

Mjomba wangu alikuwa mchoma chokaa ufukoni. Kazi hiyo ni ya kale sana katika pwani yetu. Majumba ya mawe ya Bagamoyo na magofu ya Kaole yalijengwa kwa chokaa ya namna hiyo. Mjomba alipanga magogo ya minazi na mikoko kwa duara, safu juu ya safu, hata yakamfikia kifuani. Juu yake aliweka matumbawe yaliyovunjwa vipande. Jioni alitia moto katikati, na tanuu likawaka usiku kucha. Lilipopoa, mawe yalikuwa mepesi na meupe. Alipoyamwagia maji yalitoa sauti kama mafuta katika kikaango, yakapasuka, yakawa unga. Sisi watoto tulipenda sana kutazama.

Lakini magogo mengi yalikuwa mabichi, na moshi wake ulikuwa mzito. Siku za kusi ulikwenda kijiji cha kaskazini, na siku za kaskazi ulikuja kwetu. Usiku upepo wa umande ulipovuma kutoka bara, moshi ulikwenda baharini, na watu wote wakalala vizuri. Mchana upepo wa bahari uliurudisha. Watu wa kijiji cha kaskazini walipolalamika, mjomba alihamisha tanuu ng'ambo ya kijito. Ndipo watu wa ng'ambo nao wakaanza kulalamika. Mjomba mwenyewe hakuwa na pa kuhamia, kwa kuwa alikaa kando ya tanuu misimu yote. Alipofika umri nilio nao mimi sasa, hakuweza kupanda kutoka ufukoni mpaka nyumbani kwake bila kuketi njiani mara mbili, naye hakupata kuvuta tumbako hata siku moja.

Jambo la tanuu lile ndilo nitakalo mlishike: kuhamisha moshi na kupunguza moshi ni mambo mawili mbalimbali. Mtaliona tena na tena.

Basi moshi ni nini? Kuni kavu zikipata hewa ya kutosha, huungua karibu zote, zikaacha majivu tu. Zikiwa mbichi, au zikinyimwa hewa, sehemu yake haiungui. Hupanda juu kama chembe ndogo za masizi na mafuta. Kwa hiyo moshi mweusi ni kuni ambazo mtu amezilipia fedha asipate moto wake. Vumbi la kiwanda nalo ni hivyo hivyo: ni mawe au saruji iliyogharimiwa kusagwa, kisha ikaachwa iende na upepo.

Madhara ya chembe hizo hutegemea ukubwa wake. Gawanyeni milimita moja mafungu 1000. Unywele wa mtu una upana wa mafungu 70 hivi. Chembe kubwa kuliko mafungu 10 huzuiwa na nywele za pua na makamasi, nasi huzitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Lakini chembe zisizozidi mafungu mawili na nusu hupita koo, hupita mirija ya pafu, zikaingia mpaka katika vifuko vidogo ambamo damu hupokea hewa. Zilizo ndogo kabisa huingia katika damu yenyewe. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi tu, bali huleta pia maradhi ya moyo na kupooza. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba hewa chafu, ya majikoni na ya nje pamoja, huua watu yapata milioni 7 kila mwaka duniani. Watoto huumia zaidi, maana mapafu yao bado yanakua, nao huvuta pumzi haraka kuliko watu wazima.

Sasa twende Wazo, tuone jinsi saruji inavyofanywa. Mawe ya chokaa huchimbwa, huvunjwa, husagwa pamoja na udongo mpaka yawe unga. Unga huo hutiwa katika tanuu la chuma, mfano wa pipa refu mno lililolazwa kwa mwinamo mdogo, nalo huzunguka polepole mchana na usiku. Unga huingia upande wa juu, moto hutoka upande wa chini, vikakutana. Maji huchemka kwa digrii 100. Ndani ya tanuu hilo mawe hufikia digrii 1450, yakashikamana kuwa vijiwe vya rangi ya kijivu viitwavyo klinka. Klinka hupozwa, husagwa pamoja na jasi kidogo, na hiyo ndiyo saruji.

Hesabuni wenyewe mahali ambapo vumbi laweza kutoka: palipo na kuvunja, palipo na kusaga mara ya kwanza, katika tanuu, katika kupoza, katika kusaga mara ya pili, na katika kutia mifuko. Tena ongezeni magari yanayopita katika njia zisizo na lami. Mbali na vumbi, moto wenyewe hutoa hewa zisizoonekana. Kama moto ni wa mafuta mazito, kiberiti kilichomo ndani yake huungua kikawa hewa kali inayochoma koo. Na joto likizidi sana, hewa ya kawaida tunayovuta huungana yenyewe kwa yenyewe, ikatoa hewa nyingine yenye madhara iitwayo oksidi ya nitrojeni.

Watu wa kwanza waliojaribu kuponya jambo hili walijenga dohani ndefu. Ni dawa rahisi, na kwa mtu anayekaa karibu na kiwanda inafaa kweli, maana moshi hupita juu ya paa lake. Lakini tazameni yaliyotokea Uingereza. Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu uliufunika mji wa London, hewa ikasimama, na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani ukakaa chini siku tano. Watu hawakuona miguu yao wenyewe barabarani. Hapo kwanza walihesabu watu 4,000 waliokufa kwa sababu ya moshi huo. Wataalamu wa baadaye walisema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi, na watu wa mijini wakaanza kuacha makaa yenye moshi. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mitambo mikubwa ya umeme iliendelea kuchoma makaa, ikajengewa dohani ndefu sana, na kiberiti chake kikachukuliwa na upepo kuvuka bahari mpaka Norway na Sweden. Huko kilishuka pamoja na mvua, na maji ya maziwa yakawa makali hata samaki wakafa. Mvuvi wa Norway hakuwa na tanuu wala dohani, naye ndiye aliyepokea moshi. Mwaonaje? Ni habari ya mjomba wangu na kijito chake, ila kijito kimekuwa bahari.

Dawa iliyo bora ni kulikamata vumbi kabla halijatoka. Ziko njia tatu zinazotumiwa sana katika viwanda vya saruji.

Ya kwanza ni kuizungusha hewa yenye vumbi ndani ya chombo cha chuma kilicho mfano wa pia. Mtu akizungusha kombeo, jiwe hutaka kukimbilia nje. Kadhalika chembe nzito hukimbilia ukutani, zikateremka chini, na hewa hutoka juu. Njia hii hukamata chembe kubwa tu. Zile ndogo, ambazo ndizo mbaya, huponyoka.

Ya pili ni mifuko. Hewa hupitishwa katika mifuko mirefu ya kitambaa, mamia kwa mamia imetundikwa katika nyumba ya chuma, kama vile mama anavyopitisha tui katika kifumbu. Hewa hupita, vumbi hubaki. Tena jambo la ajabu ni hili: vumbi lililoshika kitambaa nalo huwa chujio la kukamata vumbi lingine lililo dogo zaidi. Likizidi, pumzi ya hewa hupulizwa ndani ya mfuko kwa nguvu, vumbi likaanguka chini, likarudishwa kazini. Mfuko mmoja ukitoboka, vumbi lote hutafuta tundu hilo. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya yule fundi anayekagua mifuko.

Ya tatu ni umeme. Chaneni nywele zenu kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kiwekeni karibu na vipande vidogo vya karatasi. Mtaona karatasi zinakirukia. Nguvu hiyo ndiyo inayotumika. Hewa yenye vumbi hupitishwa kati ya mabamba ya chuma, na katikati yake zimenyoshwa nyaya zenye umeme wa nguvu nyingi sana. Chembe zikipita karibu na nyaya hupata umeme, ndipo mabamba huzivuta zikang'ang'ania. Kisha nyundo hugonga mabamba, na vumbi likaanguka.

Mtu aliyeifanya njia hiyo ifae viwandani ni Frederick Cottrell, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha California, Marekani. Alipewa hati yake mwaka 1908. Karibu na mji wa Riverside katika nchi hiyo ya California kilikuwapo kiwanda cha saruji, na pande zote mashamba ya michungwa. Vumbi lilishuka juu ya majani, na wenye mashamba wakakishitaki kiwanda. Wengine walidhani ama michungwa itakufa ama kiwanda kitafungwa, maana hawakuona njia ya tatu. Katika miaka iliyofuata mwaka 1910 mitambo ya Cottrell ikawekwa, vumbi likakamatwa. Kisha wakalipima vumbi lile, wakaona lina potashi, yaani chumvi inayolisha mimea. Vita Kuu vya 1914 vilipozuia potashi ya Ujerumani isifike Marekani, kiwanda kikauza vumbi lake liwe mbolea. Vumbi lililokuwa likiharibu mashamba likanunuliwa na wakulima! Cottrell mwenyewe mwaka 1912 alizitoa haki zake ili faida yake isaidie kazi ya elimu, wala hakutaka kutajirika kwa ajili ya hizo. Mimi kila nifundishapo habari hii napenda kuisimulia yote.

Mitambo ya mifuko na ya umeme ikitunzwa vizuri hukamata zaidi ya kilo 99 katika kila kilo 100 za vumbi. Mtu atasema, yatosha. Lakini fanyeni hesabu hii. Mtambo ukikamata 99 katika 100, basi katika kilo 1000 huachilia kilo 10. Ukikamata 999 katika 1000, huachilia kilo 1. Mitambo yote miwili husifiwa kwamba ni mizuri, na mtu akiitazama kwa mbali haoni tofauti. Walakini mmoja hutupa vumbi mara kumi kuliko mwenziwe. Tena umeme ukikatika, mabamba hayavuti kitu, na kama tanuu haliwahi kuzuiwa, wingu hutoka kwa dakika chache ambalo huzidi vumbi la siku nyingi njema.

Kukamata ni njia moja. Njia nyingine ni kubadili kile kinachochomwa, na katika hili Wazo ni mfano mzuri. Mwaka 1974 gesi ilivumbuliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Gesi ile ilikaa ardhini miaka thelathini, mpaka bomba lilipolazwa chini ya bahari, kisha nchi kavu zaidi ya kilomita 200 mpaka Ubungo. Mwaka 2004 gesi ikafika Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme, na tawi la bomba likafikishwa Wazo, ili tanuu liwake kwa gesi mahali pa mafuta mazito. Gesi hii haina majivu, na kiberiti chake ni kidogo mno, kwa hiyo hakuna cha kukamata upande huo. Afadhali kitu kisichotengenezwa kabisa kuliko kitu kilichotengenezwa kikatafutiwa mfuko.

Hata hivyo gesi haikumaliza mambo. Jiwe la chokaa lenyewe lina hewa ndani yake, ile hewa ya kaboni tunayoitoa tunapopumua. Chukueni kilo 100 za jiwe la chokaa safi, mlichome vizuri, kisha mpime tena. Mtapata kilo 56. Kilo 44 zimeondoka hewani, hata kama moto ungekuwa wa jua. Hewa hiyo haichomi koo, lakini ikiongezeka huizuia dunia isipoe, ikabadili mvua na kupandisha bahari. Watu wa Bagamoyo walioona mawimbi yakila ufuko wanajua maneno hayo maana yake nini. Mfuko haukamati hewa. Dawa inayotumika sasa ni kupunguza klinka katika saruji, kwa kuchanganya vitu visivyohitaji tanuu, kama majivu ya kale ya volkano au unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa.

Iko hatari nyingine, nayo ni kwamba watu humwogopa adui wanayemwona. Vumbi la saruji huonekana juu ya majani ya mihogo, na kila mtu hulisema. Lakini katika kijiji cha Owino Uhuru, pembeni mwa Mombasa, mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari. Moshi wake haukuwa mkubwa kupita mwingine, ila ulikuwa na risasi ndani yake. Risasi hiyo iliingia katika udongo, katika maji na katika damu ya watoto, nayo huharibu ubongo wa mtoto bila kuacha alama usoni. Mama mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake akiugua, wakapima damu yake, wakaona risasi. Aliacha kazi, akawakusanya jirani, wakapiga kelele miaka mingi. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, shauri likapanda na kushuka katika mahakama, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha amri ile ya kwanza. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi, na watoto waliokuwa wa shule ya msingi walikuwa watu wazima.

Kwetu Tanzania nako watu wamekwenda mahakamani kwa ajili ya moshi, tena katika njia hii hii ya Bagamoyo. Zamani taka za mji wa Dar es Salaam zilimwagwa Tabata, na zilikuwa zikiungua. Wakazi wa Tabata wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya moshi, harufu na nzi, nao wakashinda. Halmashauri ya mji ikahamisha taka, ikazipeleka Kunduchi Mtongani, si mbali na Tegeta. Watu wa Kunduchi nao wakashitaki mwaka 1991, zaidi ya watu 700 katika shauri moja, na mahakama ikazuia taka zisimwagwe huko. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, baada ya hapo Mtoni, na mwishowe Pugu. Wengi husifu ushujaa wa watu wa Tabata na wa Kunduchi, nami nausifu. Bali naona pia kwamba kila ushindi ulikuwa mwanzo wa taabu ya jirani mwingine.

Tangu hapo sheria imewekwa wazi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasema kila mtu akaaye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, tena aweza kushitaki haki hiyo ikivunjwa. Mtu akitaka kujenga kiwanda kikubwa, sharti kwanza yafanywe matengenezo ya hesabu yaitwayo tathmini ya athari kwa mazingira: moshi kiasi gani, upepo wa wapi, watu gani wanakaa huko. Mwaka 2007 kanuni zikaweka kiasi cha vumbi na hewa mbaya kisichopaswa kuzidishwa, na mwenye kuangalia ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi hulijua kwa jina la NEMC. Kanuni nzuri huhitaji mtu wa kupima. Jicho halipimi, na pua huzoea. Mtu akaaye siku zote katika harufu huacha kuisikia.

Nawaambia haya kwa sababu Serikali imetenga eneo maalumu la viwanda na bandari katika Bagamoyo, na kiwanda cha sukari kimekwisha kuanza kusaga miwa wilayani mwetu mwaka 2022. Viwanda vitaongezeka, na baadhi yenu ndio mtakaovifanyia kazi. Lakini msidhani kila kiwanda hakina budi kutoa moshi. Nendeni Nunge, kaskazini ya mji, mkatazame mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua na upepo hufanya kazi, na chumvi hubaki chini. Mahali pengine pwani watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa kuni za mikoko. Chumvi ni ile ile, ladha ile ile. Moja ina moshi, nyingine haina.

Sasa nitawaeleza kazi tuliyoifanya darasani mwetu, nanyi mwaweza kuifanya. Tulichukua sahani nyeupe tatu, tukazipaka mafuta ya nazi kidogo sana. Moja tuliiweka ufukoni, moja kando ya barabara, na moja juu ya dirisha la darasa. Wanafunzi walikuwa na hakika kwamba ile ya barabarani itashinda, nami nilidhani hivyo. Baada ya siku saba tukazikusanya. Ya ufukoni ilikuwa na mchanga kidogo. Ya barabarani ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Ya dirisha la darasa ilikuwa nyeusi. Tulitafuta sababu, tukaiona: jiko la shule, ambalo tumeliona kila siku tusilione.

Wanafunzi wakashauri jiko lihamishwe nyuma, upande wa uani, nasi tukalihamisha siku ile ile. Sahani ya dirishani ikawa safi, nao wakafurahi sana. Siku ya tano akaja bibi mmoja jirani yetu, amebeba khanga zake mikononi. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akazikunjua khanga mbele ya darasa zima, asiseme neno jingine. Zilikuwa na madoa ya masizi.

Ndipo tukajenga kibanda cha kuni. Kuni tulizoletewa zamani zilitiwa jikoni mbichi. Sasa hukaa chini ya paa miezi mitatu kabla ya kuwashwa. Fundi akatengeneza mafiga kwa matofali, akaacha nafasi chini ili hewa ipite. Mpishi alinung'unika mwanzoni, baadaye akasema uji huiva upesi na mzigo wa kuni wa siku moja sasa hufika siku ya pili. Sahani tumeiweka ukutani kwa Bibi, na kila Jumatatu mwanafunzi mmoja huenda kuitazama. Haijawa nyeupe bado, lakini mara ya mwisho aliporudi alisema maua yaliyochorwa katikati yake yanaonekana.